Saa Tatu za Barabara

Hebu niambie, kutoka Jinja hadi Mbale kwa ndege ni muda gani? Akoth aliambiwa ni nusu saa na ushee, na kwa barabara, kupitia Iganga na Tirinyi, ni saa tatu kama mvua haijanyesha. Aliyemwambia ni Apollo, mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Akoth alimlea mtaani Namakwekwe, Mbale, tangu hajaota meno, kwa kuuza mukene, wale dagaa wakavu. Sasa Apollo ni rubani wa ndege ndogo ya kukodi.

"Mama, njoo Jinja," alimwambia kwa simu. "Wakwe wanakuja kuona nyumbani kwetu. Nawaleta kwa ndege, na wewe utapanda nao."

Kwao, wakwe wakija kuona nyumba, mama wa nyumba ndiye huwapokea mlangoni. Akoth alipiga deki mpaka uvunguni, akatundika pazia jipya, akawafunga kuku wawili miguu tayari kwa kuchinjwa. Kisha akavaa gomesi yake ya bluu, ile yenye mkanda wa kung'aa, akapanda basi la asubuhi.

Uwanja wa Jinja ni majani na kibanda. Mbele ya kibanda pana mzani, maana kwa ndege ndogo kila abiria hupimwa na mzigo wake. Wakwe walipanda mmoja mmoja wakicheka. Zamu ya mama yake Daphine, yule mchumba, mshale ulikimbia. "Jamani, mzani huu una wivu!" akasema. Akoth alipanda wa mwisho, mwembamba kama ufito.

Apollo akautazama mshale, akatikisa kichwa. "Uzito umezidi. Mama mdogo, itabidi urudi na teksi."

Mama mdogo? Tangu lini? Akoth akayaacha hayo. Rubani ndiye ajuaye ndege yake.

"Basi wazungushe kidogo huko juu, baba," alisema. "Ukifika kabla yangu, nani atawafungulia mlango?"

"Usijali, dada," mama yake Daphine akadakia. "Mama yake Apollo anatungoja kwake Malukhu, hapo Mbale. Amenipigia sasa hivi, wali umeiva. Si yule Santa, mwalimu mkuu mstaafu? Ana maneno mazuri huyo!"

Santa alikuwa mke wa baba mkubwa wa Apollo. Nyumba yake ina vigae na geti.

Kumbe hakuitwa Jinja apande ndege. Aliitwa awe mbali. Akifika Mbale kwa teksi, wageni watakuwa wameshakula, wameshanawa, wameshaaga.

"Ulijua tangu siku ile ya simu," alimwambia Apollo.

"Mama, si hapa, tafadhali. Kule kwetu chumba ni kimoja, halafu ile harufu ya mukene... hawa watu hawajazoea."

"Wewe ulizoea."

Mama yake Daphine akawatazama wote wawili. "Kwani huyu ni nani, Apollo?"

Apollo akainama, akaanza kufuta kiatu chake kisichokuwa na vumbi. Akamshika Akoth kiwiko ili amshushe. Akoth akauondoa ule mkono taratibu, akabaki palepale juu ya mzani.

"Mimi sikutaka ndege, mwanangu. Nilitaka wafike mlangoni kwangu, wewe useme, 'Huyu ndiye mama yangu,' na mimi niwaambie karibuni."