Rangi ya Wageni

Jumatatu asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, Mwalimu Nzula alisimama mlangoni mwa Gredi ya Sita akawaambia watoto watoe madawati mawili nje. Yalikuwa hayaenei tena. Mwaka uliopita yaliingia kwa kusukumwa, na mwaka uliotangulia huo kulikuwa hata na nafasi ya mwalimu kupita katikati akikagua kazi. Watoto wakayabeba, wakayaweka kando ya tangi la maji ambalo halijawahi kuwa na maji, kisha wakarudi kubanana. Kila mtu shuleni alijua kwamba chumba kile kinapungua.

Kilipungua kwa sababu ya rangi. Kila mwezi wa Julai wageni walioifadhili shule walikuja kutoka ng'ambo kuitembelea, na kila walipokuja walikipaka rangi chumba kile. Rangi ikishakauka, kuta zote nne zilisogea ndani kiasi cha dhiraa moja, kutoka kiwiko cha mtu mzima hadi ncha ya kidole. Fundi mmoja aliitwa aje aangalie. Akagonga ukuta, akanusa mkebe, akasema ni rangi ya kawaida ya dukani, na ukuta nao ni wa kawaida. Akanywa chai akaenda zake.

Chumba hicho peke yake ndicho kilichokuwa cha mawe; vyumba vingine vya shule vilikuwa vya mabati yenye kutu. Hivyo havikupakwa, kwani wageni walipenda kuvipiga picha vilivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawakungoja kupewa kitu. Walikuja na brashi zao siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo iliyokuwa siku yao ya mwisho. Walijua wanakwenda kijijini, maana ndivyo walivyoambiwa, ilhali shule yenyewe ilikuwa Uthiru, pembezoni mwa jiji, chini kidogo ya barabara kuu ya Waiyaki Way, mahali ambapo honi za malori husikika katikati ya somo la Hisabati. Kwa hiyo gari lililowachukua hotelini mjini liliwapandisha kwanza hadi Limuru, likawazungusha kwenye mashamba ya majani chai, likawarudisha kwa njia ya vumbi, nao wakashuka wakiwa wamechoka na wamefurahi. Zamani shule ilikuwa ikiazima ng'ombe wa jirani afungwe langoni siku hiyo. Siku hizi ng'ombe huja mwenyewe.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamefika pabaya. Bwana Masila wa ofisi ya elimu alikuwa amepita akasema kwamba atarudi kukagua chumba cha mtihani. Watoto wote wa Gredi ya Sita wasipoenea katika chumba cha mawe, kila mmoja mahali pake, shule haitakuwa kituo cha mtihani, na watoto watagawanywa katika shule nyingine. Shule isiyo na kituo hukimbiwa na wazazi, na ikikimbiwa hufa. Nzula alikuwa ameianza shule hiyo kwa watoto wachache na ubao wa kuazima. Hakuwa tayari kuiona ikifa kwa sababu ya rangi.

Akaenda mjini kumwona Bwana Njuguna, msimamizi wa ziara, katika ofisi ya wafadhili iliyokuwa juu ya duka la simu.

"Madam, karibu," Njuguna alisema. "Wageni ni wiki ijayo. Uko ready?"

"Nimekuja juu ya hiyo. Mwaka huu wasipake. Chumba imeisha."

Njuguna alitikisa kichwa kwa masikitiko. Hakubisha, kwa maana mwaka jana alikawia ndani akipiga picha, na ukuta ukamsukuma taratibu hadi nje pamoja na kamera yake.

"Nakuelewa kabisa. Lakini hawa watu hawawezi toka huko kwao waje wakae tu. Lazima wafanye kitu na mikono yao."

"Basi wachimbe choo."

"Choo haitoki poa kwa picha."

"Wakwangue hiyo rangi."

"Madam, kila mwaka walisaini majina hapo kwa ukuta. Sasa nitaambia mtu nini, ati tulimkwangua?"

"Basi tujengewe chumba ingine."

"Hiyo ni proposal ingine, na hiyo bado. Ya kupaka ndio imepita."

Nzula alishuka ngazi kwa miguu kwa kuwa lifti ilikuwa imeharibika. Barabarani alipita katikati ya wachuuzi wa soksi na vifuniko vya simu bila kusikia bei hata moja. Alikuwa na hasira, lakini hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Kabla ya kufika stejini kupanda matatu alikuwa ameshapanga la kufanya.

Jioni hiyo aliwaita wazazi akawaeleza. Siku ya wageni, Gredi ya Sita hawatatoka nje. Watakaa kwenye madawati yao wakisoma, na atakayetaka kupaka apake wakiwa mle mle.

Wanjugu, mamake Waithera wa Gredi ya Sita, alikuwa ametoka moja kwa moja sokoni Kangemi na bado alikuwa na majani ya sukuma wiki kwenye aproni. "Na hiyo ukuta ikiwapata ndani, Mwalimu?"

"Ikiwafikia itasimama. Ukuta haiwezi finya mtoto."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuna mtu aliniambia, Mama Waithera. Lakini nikiwatoa, hiyo chumba hatutaiona tena."

Wanjugu alifikiri. Waithera alikuwa bintiye wa pekee, mrefu kuliko wenzake wote, na alikuwa akisoma kwa bidii. "Sawa," alisema. "Lakini wangu akae karibu na mlango."

Wageni walifika saa tano. Ng'ombe alikuwa langoni. Watoto wa madarasa ya chini waliimba wimbo wa kuwakaribisha, na Gredi ya Sita wakaitikia kiitikio kutoka ndani bila kusimama. Kiongozi wa msafara, mama mmoja aliyeitwa Debra, alichungulia mlangoni akauliza kwa nini hawa hawatoki kucheza.

Nzula alimweleza yote kwa Kiingereza kilichonyooka. Alimweleza juu ya kuta, juu ya dhiraa, juu ya mtihani na Bwana Masila. Debra alimsikiliza mkono kifuani, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli. Akamkumbatia Nzula kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake akawaambia kwamba hajawahi kuona watoto wanaokipenda chumba chao cha darasa kiasi hiki, na kwamba wanastahili rangi iliyo bora. Wakafungua mikebe. Mwaka huu ilikuwa manjano, kama kiini cha yai la kienyeji.

Walipaka kwa uangalifu mkubwa. Mgeni mmoja aliwavika watoto kofia za magazeti ili rangi isiwadondokee. Watoto waliendelea na hesabu za sehemu na desimali. Wageni wakasaini ukutani, wakala ndizi, wakapanda gari wakazungushwa tena hadi mjini.

Alasiri rangi ikakauka, na kuta zikaja. Zilikuja polepole kutoka pande zote, kama zilivyozoea, na watoto wakazitazama zikija kama wanavyotazama mvua. Zilipowafikia zilisimama. Nzula alikuwa amesema kweli, hazikumfinya mtoto yeyote. Zilijaza tu nafasi iliyosalia. Zilipita kati ya dawati na dawati, zikapanda mabegani, zikazunguka viwiko, hata kila mtoto akajikuta ndani ya kishimo chenye umbo lake mwenyewe. Saa kumi walitoka kwa ubavu, mmoja mmoja, kama mikate inavyotolewa kwenye mkebe. Asubuhi walirudi, kila mtu akaingia pake.

Bwana Masila alikuja na futi yake. Alipima, akainama, akaingiza kichwa katika vishimo kadhaa. Alijaribu kumchungulia mtoto mmoja kutoka kwa mwingine akashindwa.

"Mwalimu, miaka yangu yote sijaona chumba ya mtihani kama hii," alisema. "Hapa hakuna kuangaliziana kabisa. Nani alikuchorea?"

"Wageni."

"Watu wazuri sana." Akaipitisha shule papo hapo. Nzula alicheka peke yake mpaka jikoni, kwa furaha, na mpishi akamwekea chai yenye maziwa mengi.

Furaha hiyo haikudumu. Mtihani ulikuwa mwisho wa Oktoba, na watoto wana tabia ya kukua. Baada ya likizo ya Agosti Waithera alitoka kishimoni mabega yakiwa yamechubuka. Siku chache baadaye akachubuka mwingine. Ukuta haukufinya mtoto, lakini pia haukuwa na nia ya kumpisha.

Nzula aliwaita wazazi tena. Hakuzungusha maneno. Aliwaambia kwamba watoto wakikaa walivyo hadi mtihani uishe, shule imepona. Hakuna mzazi aliyepinga. Walikuwa wameifanyia shule hiyo mambo magumu zaidi, au ndivyo kila mmoja alivyojiambia akienda nyumbani. Uji wa saa nne ukaongezwa maji. Nyumbani ugali ukakatwa mdogo, na maharagwe yakawa ya Jumapili.

Wanjugu alikuwa na chakula. Alishinda sokoni kutwa akiwa amezungukwa nacho. Kila asubuhi alimsimamisha Waithera kwenye fremu ya mlango, akampima kwa kiganja, kisha akapakua kulingana na alichokiona.

"Mum, niongezee kidogo tu."

"Baada ya mtihani, mami."

"Nimesikia njaa."

"Najua. Hata mimi najua." Alipofika kibandani aliinama nyuma ya magunia ya sukuma wiki akalia, halafu akaanza kukata mboga za wateja. Hakuna uchungu kama kumnyima mtoto chakula ambacho kipo.

Siku ya mtihani wote walienea. Waithera aliingia akiwa ameshusha pumzi yote, akavuta kidogo alipokwisha kukaa, akaandika hadi mwisho. Mtihani wa mwisho ulipokusanywa hakuna aliyekuwa amekosa hata karatasi moja, na shule ilikuwa bado ni shule. Wazazi walikuwa wamepika pilau ya sufuria kubwa. Watoto walikula viganja viwili vitatu wakashiba, maana matumbo yalikuwa yamesahau. Njuguna alikuja na kamera, akawapanga mbele ya chumba cha manjano, akawaambia watabasamu.

Mwezi mmoja baadaye alipiga simu.

"Madam, good news! Picha ziliwafikia. Debra anasema watu huko walilia. Waliona vile watoto wamekonda, mifupa ya mabega imetokea, wakachanga kanisa kwa kanisa. Sasa mwaka ujao wanakuja watu mara mbili ya hawa wa mwaka huu."

"Wanaleta chakula?"

"Wanauliza rangi gani."

Nzula alisimama uwanjani na simu sikioni. Mbele yake Gredi ya Tano, ambao Januari wangekuwa Gredi ya Sita, walikuwa wakicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira. Walikuwa wengi, na wengine walikuwa na mashavu.

"Madam, uko?"

"Niko," alisema. "Waambie yoyote ile."

Akakata simu, akapiga kengele, akawaita Gredi ya Tano wapange viti uwanjani. Wakaketi. Akapita kati yao akiwaonyesha, mmoja baada ya mwingine: mabega mbele, viwiko vigusane na mbavu, magoti pamoja, pumzi ya juu juu, mkono wa kuandika tu ndio unaotembea.

Kijana mmoja akauliza watakaa hivyo hadi lini.

"Hadi mpite," Nzula alisema. "Haya, tena."