Dakika Ishirini za Ziada

Kazi yangu ilikuwa kugeuza unga wa chuma kuwa pete za pampu. Unaumwaga kwenye kalibu, unaupasha moto huku mashine ikiukandamiza, mpaka unashikana. Ukiwahi kuutoa, unabaki na matundu. Ukiuchelewesha motoni, punje zake za ndani zinanenepa na pete inakuwa rahisi kuvunjika. Mimi nilijifanya bingwa, saa ya ukutani nikaiona ya wanagenzi.

Mkaguzi alikuwa kaka wa mke wangu. Kwa kila fungu la pete alikatiwa kipande kimoja, akakisugua mpaka kikang'aa, akakipaka tindikali kidogo, kisha akakiinamia kwenye hadubini. Tulimtania kwamba hata chawa hapiti mbele yake bila kusalimia.

Siku ile nilinogewa na soga za mpira, nikaacha fungu zima motoni dakika ishirini zaidi. Nilijua limeharibika. Lakini wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshapewa onyo, nikaingiwa na woga. Nikachukua kipande cha fungu la jana yake, nikampelekea.

"Safi, shemeji. Punje ndogondogo," alisema, akatia saini.

Pete zilipasuka siku ya kwanza kufungwa kwenye pampu. Zilipokatwa, punje zilikuwa kubwa, hata lenzi ya mkononi iliziona. Shemeji alizitazama weee, kisha akasema mbele ya watu wote, "Basi macho yangu yamekwisha." Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikageuka, nikarudi kwenye mashine yangu.

Aliacha kazi mwenyewe. Akajinunulia miwani sokoni, bila kupimwa. Miaka miwili sasa anapima misumari dukani, na kila akipima anamwomba mwenzake ausome mzani tena.

Jana mke wangu aliniambia kaka yake amekataa kumvusha mjukuu wake barabara, eti haoni vizuri. Chakula kilinishinda. Leo asubuhi nilifunga safari mpaka dukani, nikamweleza yote. Niliona aibu.

Alivua miwani, akaiweka juu ya mzani.

"Kwa hiyo kile kipande kilikuwa kizuri kweli?"

"Kizuri kabisa, shemeji. Uliona sawasawa."

Alichukua boksi la misumari, akasoma kwa sauti maandishi madogo ya chini, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Nenda nyumbani, shemeji," alisema. "Leo sitaki kukuona."