Kopo la Bibi Mehitabel

Nakiri, balaa hili nililianzisha kwa ulimi wangu mwenyewe. Nilisimama mbele ya akina mama wa chama cha kuacha pombe hapa Wexbury, nikasema ni aibu Meza ya Bwana kubeba kopo kama lile walevi wanalonywea bia. Nilitaka lifungiwe kabatini tu, basi.

Kopo hilo la fedha lenye kifuniko lilitolewa kwa kanisa na bibi yangu Mehitabel miaka themanini iliyopita, na jina lake lilichongwa tumboni mwa kopo, mkabala na mshikio. Ndui ilipomuua walimzika pembeni mwa malisho bila jiwe, kama walivyozikwa wote wa ndui. Duniani jina lake lilibaki kwenye kopo tu. Kila mwezi mimi ndiye ninayesugua vyombo vya kanisa kwa unga wa chaki, na kwenye jina nilipita juu juu, maana fedha ni laini. Ukikazana, herufi zinafutika. Shemasi Eliphalet Coddin alizoea kunisimanga kwamba hapo hapang'ai.

Ndiye aliyeniletea habari. Mashemasi wamepiga kura: kopo liende Boston kwa sonara, ling'olewe kifuniko, litobolewe na kuwekwa mdomo, liwe jagi la kumiminia maji ya zabibu. Sisi wanawake hatupigi kura; tunasugua.

Nikamuuliza mdomo utakaa wapi.

"Mkabala na mshikio, Dada Tamsin. Ulitaka ukae wapi, kitakoni?"

"Hapo pana jina la bibi yangu, Shemasi."

"Si wewe uliyesema kopo ni aibu? Tusipokusikiliza kosa, tukikusikiliza kosa."

Nilikasirika, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.

Nikamwandikia sonara, nikamsihi anitunzie kile kipande atakachokikata. Alijibu kwa upole kabisa kwamba amekwisha kukiyeyusha pamoja na kifuniko.

Jagi lilirudi wiki iliyopita. Kanisa zima walilisifu. Mdomo umekaa palepale, umepinda kwa madaha, na ubavuni kuna maandishi mapya, membamba, mazuri: "Limetengenezwa upya kwa agizo la Shemasi Eliphalet Coddin." Mtu ambaye hajawahi kulitolea kanisa hata kijiko! Nilitamani kulia mbele za watu.

Jana, Jumamosi, alinikabidhi jagi kwa mikono yake miwili. Akaniagiza nisifanye uvivu wangu wa siku zote, nisugue kila mahali, hasa penye maandishi.

"Nitasugua, Shemasi," nikamwambia.

Nilichukua kitambaa kigumu na chaki nyingi, nikaanzia kwenye jina la Shemasi. Nina miaka hamsini na minane, na mikono yangu bado ina nguvu.