Kofia Isiyovulika

Dulcie Hallam alikuwa amebuni mavazi ya filamu chungu nzima za enzi za Malkia Viktoria na mwanawe Edwadi, na katika zote hizo hakuna kofia yake hata moja iliyofika kwenye skrini. Kofia alizishona, haki ya Mungu alizishona. Waongozaji ndio waliozivua.

Mama yake, Bibi Enid, ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha kofia pale Luton, mji wa Uingereza uliosifika kwa kofia. Kila filamu ya binti yake aliitazama mpaka mwisho, kisha hukumu ikawa ileile.

"Wanawake wote hawa vichwa wazi! Kwani walikuwa wanakimbia nyumba inayoungua?"

"Mama, mwongozaji alisema ukingo unatia kivuli usoni."

"Mwongozaji kazaliwa jana. Bibi yangu hata nguo hakuanika bila kofia. Na wewe, mtoto wa fundi kofia, unaniaibisha mbele ya Luton nzima."

Luton nzima yenyewe ilikuwa majirani wawili na paka, lakini maneno yalimchoma Dulcie. Kipupwe kile mama alikuwa amelazwa kwa kifua, akalazwa tena. Dulcie alitaka kofia moja tu, mama aione kabla hajafumba macho.

Ikaja filamu ya kisa cha mwaka 1908. Mwongozaji alikuwa Rufus, kijana mwenye ndevu za kuchongwa na maneno matamu. Kwa tukio la kuagana stesheni, Dulcie alitengeneza kofia ya majani makavu yaliyosukwa, pana kama sinia, yenye utepe wa zambarau. Kisha akamwendea Glenys, msusi.

"Shoga, kesho Cressida usimtengeneze nywele."

"Umerogwa? Si ndiye mwigizaji mkuu!"

"Mwache na rola zake za kukunjia nywele. Kofia itafunika."

Glenys alicheka mpaka akashika meza. Cressida naye hakubisha, maana angepata kulala zaidi.

Asubuhi, treni ya moshi ikifoka, Rufus alifanya kile kile walichofanya wenzake wote.

"Kipenzi, kofia nzuri mno. Hebu ivue."

Cressida akamtazama Dulcie. Dulcie akatazama reli. Pini ndefu ikachomolewa, kofia ikatoka, na rola za waridi zikajianika mbele ya watu wote. Dereva wa treni alicheka hadi akapiga honi.

"Dulcie! Nini hiki?"

"Nywele, bwana. Glenys anahitaji saa mbili hivi."

Rufus akatazama jua, akatazama treni iliyokodiwa mpaka adhuhuri tu. Alinaswa, na alijua kanaswa.

"Irudishe," akasema. "Lakini sisi wawili tutaongea!"

Filamu ilipofika Luton, Dulcie alimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani ya sinema. Kofia ikaingia, ikajaa skrini ukingo kwa ukingo. Bibi Enid aliinama mbele kuitazama. Akaushika mkono wa binti yake, asiuachie mpaka treni ikaondoka. Dulcie alifurahi hadi machozi yakamtoka.

"Mh," mama akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya mbele. "Ile ndiyo kofia. Sasa glavu zake ziko wapi?"

Dulcie akacheka huku akijifuta macho. "Filamu ijayo, mama."

"Basi kazana, mwanangu. Nitajitahidi kungoja."