Soseji Iliyolala Mferejini

Kabla hakujakucha, mkono wa mashine ya kusagia nyama ulilia kri, kri, jikoni kwa Aikande, pale Maji ya Chai. Alikuwa anasaga nyama ya nguruwe kwa ajili ya siku ya mfereji. Kila mwaka, wanaotumia maji ya mfereji mmoja huusafisha pamoja, na kila nyumba huleta chakula.

Mama Hilda, Mwingereza wa shamba la juu, alikuwa akileta soseji ya kwao Cumberland: ndefu, yenye pilipili manga nyingi, haifungwi vipande vipande, huzungushwa kama ngata. Alimfundisha Aikande kuitengeneza, kisha akafa, akazikwa shambani kwake. Sasa shamba ni hoteli. Hoteli imejenga uzio na kuyageuzia maji kwenye bwawa la kuogelea. Migomba ya Aikande imeanza kufa.

"Mfereji hauna maji, mama. Unasafisha nini?" aliuliza jirani yake, Gerson.

"Nasafisha mfereji."

Aikande alipoiweka kikaangoni, soseji ilijikunjua. Ikatoka jikoni, ikapita kwenye migomba, ikapanda mlima ndani ya mfereji mkavu. Ilifuata kila kona, ikapenya chini ya uzio, ikafika ukingoni mwa bwawa. Ilikuwa imeiva vizuri. Gerson alirudi kwake kuleta ndizi za kuchoma.

Majirani walikaa kando ya mfereji wakala. Kila ilipokatwa, iliungana. Mama Hilda naye alifika na kofia yake ya ukili. Akawakatia wengine kwanza, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama," alisema Aikande.

"Marahaba. Pilipili umeweka ya kutosha."

Saa nne akashuka meneja wa hoteli, kijana aitwaye Ludovick.

"Shikamoo, bibi. Naomba muiondoe soseji yenu. Wageni wanaogelea."

"Marahaba, baba," alisema Aikande. "Imelala kwenye mfereji wetu. Kama imekosea njia, tuonyeshe ilipokosea."

Ludovick aliiangalia mpaka juu. Haikuwa imekosea popote.

"Mimi nimeajiriwa tu, bibi."

"Najua. Umekula?"

Alikula amesimama. Gerson akamwambia soseji hiyo haimng'ati mtu aliyekaa, basi akakaa. Kisha simu yake ikaita. Mwenye hoteli alisema maji yabaki yalipo, na uzio uongezwe waya.

Aikande alisikia. Akanyanyua jembe, akaanza kuzoa majani na udongo, akipanda na mfereji, mpaka jembe likagonga nguzo ya uzio. Akachimba pembeni ya nguzo, akapita.

Mama Hilda alikung'uta sketi, akajiandaa kurudi kaburini, upande wa ndani wa uzio.

"Tangu wafunge lango, hakuna anayekuja kwangu," alisema. "Aikande, njoo unitembelee tena. Pita hapa hapa mferejini."