Chaki Mlangoni kwa Monna Piera

Mwaka wa 1494, mfalme wa Ufaransa alipoingia Firenze na jeshi lake lote, mimi Piera, mjane wa Bartolo mshona nguo, nilimtia askari wake mmoja ndani ya nyumba yangu nikamweka chini ya amri yangu siku kumi na moja, bila upanga na bila mwanamume wa kunisaidia. Kwa kweli upanga hakuwa nao hata yeye. Alikuwa mshona viatu wa kikosi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, na amri yangu kali kuliko zote ilikuwa "kula".

Ule mwaka ulikuwa na mambo. Januari ilianguka theluji hadi milango ikakataa kufunguka. Watu wakafinyanga simba wa theluji kwenye njia panda, simba wakubwa kuliko punda, na Bartolo, mtu wa miaka sitini na minne, akatoka kwenda kuwatazama bila kofia. Alirudi akicheka na kukohoa. Kicheko kilikoma Jumanne, kikohozi kikakoma Ijumaa, na Bartolo pia.

Baadaye mtawa mmoja akawa anahubiri gharika pale kanisa kuu, watu wanalia mpaka wanashikana mabega. Mimi nilikaa nyuma nikiwaza: gharika ikija kweli, nani atanisukuma nipande darini? Novemba wale Medici, ukoo uliokuwa ukitutawala, wakafukuzwa mjini kwa siku moja tu. Watu walipita chini ya dirisha langu wakipaza sauti, "Umma na uhuru!" Nami nikapaza yangu, kijiko mkononi, mpaka maharagwe yakaungua. Nikayala hivyohivyo. Hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma.

Ndipo wakaja watu wa chaki.

Walikuwa watatu: Mfaransa mwenye kofia ya manyoya, karani, na mkalimani. Kazi yao ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta malazi ya jeshi. Wakiona nyumba inafaa wanachora mlangoni, na mwenye nyumba hana la kusema. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia. Mimi nilikuwa nimefagia.

"Mama, nyumba hii ina watu wangapi?" mkalimani akauliza.

"Mmoja."

"Na wewe?"

"Huyo mmoja ndiye mimi."

Yule wa kofia akachungulia. Akaona ngazi, kitanda, meza, paka. Akasema neno, wakageuka kuondoka.

"Amesemaje?"

"Amesema hapa hakuna kitu, mama. Shukuru Mungu."

Wakavuka njia hadi kwa jirani yangu Monna Dianora, yaani Bibi Dianora, wakamchorea alama kama mundu na mistari mitatu chini yake. Dianora alitoa yowe lililosikika ng'ambo ya mto Arno.

"Watatu! Piera, watatu! Mikate nitaitoa wapi? Na binti yangu nimfiche wapi?"

"Mpeleke kwa masista."

"Wewe una bahati, shoga. Hukuguswa."

Sikuguswa, ndiyo. Wafaransa waliuteka mji mzima wakaniruka mimi. Nikaingia ndani nikaketi. Tangu Bartolo azikwe nilikuwa naweka vijiko viwili mezani kwa mazoea, kisha nakirudisha kimoja. Siku ile sikukirudisha. Nilikitazama muda mrefu, nikainuka, nikafungua mtoto wa meza wa marehemu, nikatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa.

Mtaa ulikuwa mtupu, wote wamekimbilia unga sokoni. Nikajichorea mundu. Chini yake nikaweka mstari mmoja tu, nisionekane mwenye tamaa.

Dianora aliporudi na gunia lake alisimama katikati ya njia.

"Nani amekuchora?"

"Wafaransa. Walirudi."

"Mbona mundu wako umegeukia upande mwingine?"

"Sasa unaniuliza mimi Kifaransa?"

Mfalme aliingia tarehe kumi na saba Novemba, amepanda farasi chini ya kitambaa cha dhahabu, mkuki umesimamishwa pajani. Alipokuwa juu ya farasi watu walimshangilia. Aliposhuka, sauti zilipungua, maana alikuwa mfupi na miguu yake ilikuwa mikubwa kama ya mtu mwingine. Mimi sikukaa kumtazama. Niliwahi nyumbani nikabandika sufuria.

Kwa Dianora walifika wanne badala ya watatu. Nilimsikia akibishana, kisha nikamwona ananyoosha kidole kwangu. "Pale! Pale pamechorwa mmoja! Nendeni mkamsalimie bibi!" Ndivyo alivyonijia askari wangu. Alikuwa amebeba mfuko wa ngozi na nyundo ndogo, nywele zimelowa mvua.

"Ramonet," akasema, akajigusa kifua.

"Piera. Unajua Kitoskana, lugha yetu?"

Akatikisa kichwa kwamba hajui hata neno. Nami nikaridhika.

Nikamkalisha. Nikampa supu ya kabichi nyeusi na maharagwe, nikamwagia mafuta mapya ya mwaka ule. Akala akimtazama paka. Mimi nikaanza kusema. Mwanzoni nilisema ili nyumba isikae kimya tu, mambo ya kuni na ya mvua. Lakini mtu asiyeelewa ni msikilizaji mzuri ajabu: hakati neno, hana jirani wa kumpelekea. Siku ya tatu nilikuwa nimeshamsimulia habari za Bartolo, toka uchumba hadi kikohozi. Siku ya nne nikamwambia mguu wangu wa kushoto unalowa kila nikienda kisimani. Asubuhi nikakuta kiatu kimetiwa soli mpya. Nikasema moyoni, fundi ni fundi, ameona mwenyewe.

Dianora alikuwa akipita kila siku kuangalia ninavyoteseka, na ilimkera kutoniona nikiteseka.

"Huyu chura wako bado yupo?" anasema mlangoni, anamtazama usoni na kutabasamu, maana haelewi. "Magoti yale! Jeshi lenye huyu likishinda, nasi tumezidi kuwa wajinga."

Ramonet naye anamrudishia tabasamu, anatikisa kichwa kwa heshima, anaendelea kupiga nyundo.

Kisha ikaja ile siku mbaya. Mfalme aliwadai wakubwa wetu mambo mazito, wakakataa. Habari ikazagaa kwamba yeye ametishia kupiga tarumbeta za vita, na wao wamemjibu watapiga kengele. Sisi wanawake tulijua maana yake: kengele zikilia, kila dirisha limwage mawe juu ya Wafaransa. Dianora alipandisha ndoo mbili za mawe. Mimi nilipandisha moja, kwa aibu ya mtaa. Nikashuka nikamwambia Ramonet, "Leo usitoke. Kengele zikilia, ingia chini ya ngazi ukae, mpaka nikuite." Nikamfungia mlango, ufunguo nikautia kifuani. Nilikaa dirishani na mawe yangu, na ninachokumbuka ni kwamba nilimwomba Mtakatifu Yohana kitu kimoja tu, na hakikuwa ushindi wa mji. Kengele hazikulia. Jioni wakapatana.

Usiku ule, kwa furaha na divai, nilimwambia yaliyobaki. Nilimwambia kuhusu mwanangu Neri, aliyekwenda Venezia kushona nguo za matajiri, na kwamba ni miaka mitatu sijapata barua yake, na kwamba kila mwezi nawadanganya wanawake kisimani kuwa ameandika. Nilimwambia ule mundu mlangoni niliuchora mimi. Alikuwa amejiinamia juu ya kiatu. Hakuinua kichwa.

Ikatangazwa jeshi linaondoka tarehe ishirini na nane. Siku iliyotangulia, tukiwa mezani mchana, Dianora akaingia bila kubisha, kufuata sufuria yake niliyoazima. Askari wake walikuwa wameshafunga mizigo na alikuwa na raha ya mtu aliyetoka kutapika.

"Basi kesho yamekwisha," akasema. "Mimi binti yangu anarudi. Wewe unarudi kwa paka."

Ningeweza kunyamaza. Mtu wa umri wangu anapaswa kujua kunyamaza.

"Sirudi kwa paka. Neri anakuja."

"Neri gani?"

"Nina wangapi? Wangu. Anakuja Krismasi. Ameandika."

Dianora akaiweka sufuria chini taratibu, akavuta kiti. "Ameandika lini?"

"Juzi."

"Juzi! Na milango ya mji imejaa Wafaransa? Nani kaileta?"

"Mtu."

"Mtu. Haya. Nionyeshe barua, Piera. Sitaki kuisoma, nataka kuiona tu. Miaka mitatu unatupa salamu za Neri kisimani, hakuna aliyewahi kuona hata kipande cha karatasi. Wenzio tunakuachia kwa kukuhurumia."

Hilo neno ndilo lililonimaliza. Kumbe walikuwa wanajua. Kila mwezi nilikuwa nawasomea barua hewani, nao wanatikisa vichwa na kuteka maji. Nikatazama rafu. Nikatazama chini ya mkate. Sijui nilitarajia kuona nini.

"Haipo," akasema Dianora, na sasa hakuwa na raha tena. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Haipo, shoga. Sema tu haipo."

Ramonet akaweka kijiko chini.

"Barua ilikuwepo," akasema. "Nimeiharibu mimi. Niliikata kiolezo cha soli. Nisamehe, Monna Piera, nilikuwa naogopa kukwambia. Kijana anaandika vizuri, anasema ni mzima, na Krismasi atajitahidi."

Alisema hayo yote kwa Kitoskana, bila kujikwaa popote.

Nilimwona Dianora anahesabu: chura, magoti, na mengine ambayo siwezi kuyaandika. Akachukua sufuria, akaangusha kifuniko, akakiokota, akatoka bila kuaga.

Mimi nami nilikuwa na hesabu yangu. Bartolo, uchumba wetu, mahali alipokuwa akipenda kukunwa. Kijiko cha pili. Mundu mlangoni. Neri. Siku kumi na moja nilikuwa nimeuvua moyo wangu mezani kama mtu anayevua nguo mbele ya kipofu.

"Ramonet," nikasema. "Unajua Kitoskana?"

Masikio yake yalikuwa mekundu kama makaa. Akaangalia supu.

"Kidogo tu, mama," akajibu, kwa lafudhi safi ya Prato, mji ambao mtu wa Firenze akiondoka asubuhi kwa punda, anafika kabla ya chakula cha mchana.