Aliyetangulia Kati ya Kizuka na Gitaza

Assumani na baba yake, mzee Aruna, waliuawa asubuhi moja, mwaka wa tisini na sita, wakati wa vita. Mzee alipigwa risasi Kizuka, katika shamba lake la michikichi. Assumani alikuwa njiani kwenda Gitaza kununua samaki wadogo wa ndagala, gari alilopanda likashambuliwa. Matanga hayajaisha, sheikh akamwita Sikujua, mjane wa Assumani.

"Nani alitangulia kufa?" akauliza. "Kama ni mzee, basi mumeo alimrithi, na wewe na mwanao mna fungu katika shamba. Kama ni mumeo, au kama haijulikani, shamba ni la Abdul."

Abdul, mdogo wake Assumani, alikuwa amekaa pale akiangalia mkeka.

Mashahidi walizidi kuvuruga mambo. Wakata ngazi wa Kizuka, wanaoangusha mikungu ya michikichi, walisema risasi zililia ukungu ukingali chini. Dereva aliyenusurika katika njia ya Gitaza alisema jua lilikuwa limeanza kuchoma, na alikuwa ameangalia saa yake. Lakini ukungu wa Kizuka milimani si ukungu wa Gitaza ziwani, na saa ya dereva ilikuwa ikichelewa tangu zamani, alikiri mwenyewe.

Binti yake Sikujua, Kaoutar, alikuwa akisoma lycée, shule ya sekondari. "Mama, mwalimu Casimir alitufundisha kwamba dunia haina 'sasa' moja. Mambo mawili yakitokea mahali mbalimbali, huyu ataona hili limetangulia, mwingine anayekwenda mbio sana ataona lile, na wote wako sawa."

Kesho yake Sikujua akaenda shuleni.

"Amahoro, mwalimu. Mutoto ananiambia hakuna wa kwanza. Iko kweli?"

Casimir alijipangusa chaki mikononi. "Iko kweli, mama Kaoutar, ila pale tu ambapo hata mwanga hauwahi kutoka jambo moja kufika kwenye jingine. Kizuka mpaka Gitaza, mwanga unafika hujapepesa jicho. Kama walipishana hata kwa pumzi moja, yuko aliyetangulia. Mtu yeyote, akimbie vipi, ataona hivyohivyo."

"Kumbe yuko."

"Yuko."

"Ni nani?"

"Sijui, mama."

"Na nani anajua?"

"Hapa kwetu, hakuna."

"Mwalimu, ungeniambia hayupo, ningeenda kulala. Sasa unanirudisha nyumbani na mutu ambaye yuko na hana jina."

"Nisamehe," alisema Casimir, naye hakujua anaombea msamaha kitu gani.

Sikujua alimpelekea sheikh maneno yale. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu amesema kweli. Yuko, na Mungu anamjua. Sisi hatumjui, na hukumu ni ya tunachokijua." Shamba likawa la Abdul.

Baada ya mwezi Abdul alimpa shemeji yake mistari miwili ya michikichi. Hakusema kama ni haki yake au ni huruma, na Sikujua hakuuliza. Alianza kuuza mawese sokoni. Siku nyingine, akiwa anamimina, aliona wazi kabisa kwamba mzee ndiye aliyeanguka kwanza. Kabla chupa haijajaa, akaona wazi vilevile kwamba ni Assumani.

"Mama, yanamwagika," wateja walimwambia.